Mzee Elkanah na Bastola za New Hope

Mzee Elkanah Kiprop alifika Minnesota mwezi wa Oktoba mwaka 2011, akiwa na miaka sitini na minane. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti yake Joan hakutaka abaki peke yake shambani Nandi. Joan ni nesi na rafiki yangu wa siku nyingi. Tulisali kanisa moja, na nyumba yake ya Maple Grove ndiyo iliyonilaza mimi Philister nilipokuja nchi hii sina hata pa kuweka begi. Mzee akapewa chumba cha chini, chenye dirisha dogo linalotazama nyasi za jirani, akaanza maisha ya wazee wetu wengi huku. Joan na mumewe kazini, wajukuu shuleni, na yeye na televisheni anayoielewa nusu nusu.

Alikuwa mrefu, mkimya, shati limekunjwa mikono mara mbili hata wakati wa theluji. Wiki ya tatu tangu afike aliingia gereji ya Joan, akapigilia ubao ukutani, akatundika kila chombo kwenye msumari wake, nyundo, bisibisi, koleo, kisha akachora kwa kalamu umbo la kila kimoja pale kinapokaa. Ukichukua bisibisi usiirudishe, ukuta wenyewe unakusema. Mume wa Joan alicheka sana. Joan hakucheka, maana alikulia karibu na ukuta kama huo.

Baba yake alikuwa polisi kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote alikamata watu wachache mno. Kazi yake ilikuwa chumba cha silaha cha kituo kimoja Nakuru. Asubuhi alitoa, jioni alipokea. Kila askari alisimama dirishani, akataja namba yake, akapewa bastola na risasi, akatia sahihi. Jioni alirudisha, ikafunguliwa mbele yake, ikahesabiwa, ikapanguswa mafuta, ikarudi kwenye kishikio chake. Mzee hakuwa na hadithi za kufukuza majambazi. Hadithi zake zilikuwa za konstebo aliyechelewa kurudi siku ya mvua, na yeye akakaa dirishani mpaka saa mbili usiku akimngoja, chai ikipoa mezani.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mwanzoni mwa mwaka 2013 nilipangiwa mzee mmoja wa mji wa New Hope, Arvid Sundeen, mwenye miaka themanini na minne, mjane, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya kwanza. Alikuwa amefanya upolisi miaka thelathini katika mji mmoja mdogo pembeni ya Saint Paul. Macho yake yalikuwa yanafifia kutoka katikati. Aliweza kuona pembe za mlango lakini si uso wa mtu aliyesimama mlangoni. Na chumbani kwake, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili, alikuwa na bastola thelathini na moja.

Zote zilikuwa rivolva, zile za silinda inayozunguka, na zote zilikuwa zimewahi kutolewa na serikali kwa askari polisi. Hakutaka aina nyingine. Bastola ya tajiri yenye nakshi za fedha hakuigeuzia hata shingo. Alizikusanya tangu alipostaafu, na sasa alitaka kuandika orodha yake kamili kabla giza halijamfikia kabisa: kila moja ilitengenezwa mwaka gani, ilitumika mji gani, na ina thamani gani, ili binti yake Karin aliyeishi Woodbury asije akapunjwa siku ya kuziuza. Shida ni kwamba namba zilikuwa ndogo kama punje za mtama, na hakuziona tena. Aliniomba nimsomee. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi bunduki naziogopa hata zikiwa picha. Lakini namjua mzee mmoja.

Joan hakupenda. Alisema, "Baba, umeacha hayo mambo miaka ishirini. Na mimi sitaki bunduki kwa hii nyumba, hata moja." Mzee akamjibu kwamba hakuna atakayeleta bunduki nyumbani, anakwenda kusoma namba tu. Jumamosi ya pili ya Februari nikampitia na gari, amevaa tai.

Arvid alikuwa ametandika blanketi la kijivu juu ya meza ya kulia, na juu yake ameweka bastola moja tu. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa anampima mgeni. Mzee Elkanah aliketi, akaichukua. Kidole gumba kikasukuma kitu fulani pembeni, na bastola ikakunjuka katikati kama mkebe wa miwani, silinda ikainuka. Akaizungusha, akatia ncha ya kidole kidogo katika kila tundu, moja mpaka sita, akihakikisha hakuna risasi. Akaifunga. Hakuwa ameitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama dirishani.

Arvid hakuona, lakini alisikia. Akauliza, kwa sauti ya chini, alijifunzia wapi kuifungua ile, maana Wamarekani wengi huhangaika nayo.

"Nilizifungua sitini kila jioni," Mzee Elkanah alisema, "kwa miaka kumi na tatu."

Ilikuwa Webley, ya Kiingereza. Arvid alikuwa ameinunua kwenye maonyesho ya wakusanyaji zaidi ya miaka kumi nyuma, na nyuma ya mpini kulikuwa na herufi mbili zilizogongwa, K.P., na chini yake namba 311. Katika daftari lake aliandika "haijulikani", na pembeni akakisia kwamba pengine ni polisi wa reli fulani ya Kanada. Mzee akaomba lenzi. Akaitazama ile alama kwa muda mrefu hata mimi nikaacha kuosha vikombe. Kisha akasema ni Kenya Police. Alisema herufi zao ziligongwa hivyo hivyo, K imelala kidogo upande, na pete ya chini ya mpini ilikuwa ya kufungia kamba nyeupe iliyopita begani, ili bastola isianguke askari akikimbia.

Arvid alifurahi kama mtu aliyeletewa barua iliyopotea njiani. Akauliza kama labda Mzee aliwahi kuishika ile ile, kule Nakuru. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Arvid mwenyewe alikuwa anaitaka hiyo ndiyo, hata mimi nilikuwa naitaka.

"Hapana," Mzee alisema. "Zetu ziliishia sitini. Hii ilikuwa ya kituo kingine. Lakini ni ndugu yao."

Wakaiandika hivyo. Na tangu siku hiyo kila Jumamosi, na baadaye Jumatano pia, nilimpeleka Mzee New Hope, naye akakaa mezani saa mbili, saa tatu, huku mimi nikifanya kazi zangu.

Nilijifunza mengi bila kukusudia. Arvid alimfundisha zile za Kimarekani, Colt na Smith & Wesson, na namna ya kuzitambua gizani kwa kusikiliza silinda inazunguka upande gani. Alimwambia kwamba bastola ya polisi huchakaa kwa kubebwa, si kwa kupigwa. Kwa hiyo uangalie mdomo wa mtutu, pale unapoingia na kutoka kwenye ala ya ngozi miaka na miaka. Rangi ikiwa imefutika hapo na kwingine kote ni nzima, huyo alikuwa askari kweli. Ukikuta inang'aa kote kama sufuria mpya, ujue kuna mtu aliipaka rangi upya akidhani anaipendezesha, na thamani imeshuka nusu. Alimwonyesha jinsi ya kufungua mbao za mpini na kutafuta ndani yake namba iliyoandikwa kwa penseli kiwandani, ili kuona kama mbao na chuma vimekuwa pamoja tangu kuzaliwa. Na juu ya yote kulikuwa na barua. Unaandikia kiwanda, wanatafuta katika vitabu vyao vya zamani, wanakujibu kwamba bastola namba fulani ilitoka siku fulani ikaenda idara ya polisi ya mji fulani. Bastola yenye barua, Arvid alisema, ina wazazi.

Mzee naye alileta yake. Aliona alama ambazo Arvid alizipita, nyota ndogo, taji, herufi za wakaguzi wa Kiingereza. Bastola tano za daftari lile zilibadilishiwa mwaka kwa sababu yake. Na wakichoka, walizungumza habari za kazi. Niliwasikia wakicheka juu ya sajini wawili, mmoja wa Nakuru na mmoja wa huku, ambao kwa maelezo yao walikuwa mtu mmoja.

Kanisani habari zilienea. Kuna ndugu yetu mmoja, Bagalwa, Mkongo wa upande wa Uvira, mtu mpole aliyekuja na familia yake kupitia kambi ya wakimbizi. Siku moja baada ya ibada, tukiwa tunakunywa chai, alimwendea Mzee na kumwuliza mbele yetu sote, bila ukali.

"Papa Elkanah, mimi bunduki ndizo ziliniondosha kwetu. Wewe unazipenda namna gani?"

Mzee akaweka kikombe chini. Alisema kwamba hajawahi kupenda bunduki inayotoka. Alichopenda ni kuipokea jioni. Alisema kulikuwa na raha fulani saa kumi na mbili, vishikio vyote vikijaa, ukijua kwamba hakuna hata moja iliyoko nje na hakuna mtu aliyeumia nayo siku hiyo. Akasema kwamba pengine kule kwa Bagalwa hakukuwa na mtu wa kungoja dirishani. Bagalwa alifikiri, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwongezea Mzee chai. Sikumsikia tena akiuliza.

Ilifika Mei 2014, na ilibaki bastola moja. Arvid alikuwa ameiacha ya mwisho makusudi. Aliitoa mwenyewe kabatini kwa kupapasa, imefungwa katika kitambaa cha flaneli, akaiweka mbele ya Mzee kwa mikono miwili.

Baba yake Arvid alikuwa polisi pia, tangu mwaka 1921 hadi alipostaafu 1946. Beji yake ilikuwa namba 214. Alipostaafu alirudisha bastola, kama ilivyopaswa, na haikuonekana tena. Arvid aliitafuta zaidi ya miaka ishirini, kila maonyesho, kila duka la vitu vya kale. Mwaka 1988, kwenye maonyesho fulani, mtu mmoja aliyekuwa na meza ya pembeni alimwonyesha Smith & Wesson iliyochongwa nyuma ya mpini namba 214 na herufi za idara ya baba yake. Aliinunua papo hapo. Picha ya baba yake akiwa amevaa sare ilitundikwa ukutani juu ya meza ile ile tuliyokuwa tumekaa.

Mzee akaihakikisha haina risasi. Akageuza kitako cha mpini, akaweka lenzi, akaanza kusoma namba ya kiwandani kwa sauti kama alivyosoma zote. "C," akasema, na namba mbili tatu, kisha akanyamaza.

Mimi nilikuwa napanga dawa za Arvid kwenye kisanduku chake cha wiki. Nilijua kuna jambo kwa sababu Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile ulikuwa na jedwali ambalo Arvid mwenyewe alilichora zamani, macho yakiwa mazima, herufi ipi ya kiwandani ilianza mwaka upi. Mzee alilifahamu kwa moyo sasa. Bastola za herufi C zilianza kutengenezwa mwaka 1948.

"Mbona umenyamaza?" Arvid akauliza.

Mzee akafungua bahasha ya karatasi za bastola ile, akaipekua. Akauliza, "Kwa nini hii haina barua ya kiwandani? Zote thelathini zina barua au jibu. Hii peke yake haina."

Arvid akapapasa kikombe chake, akakisogeza kando. Mzee angeweza kuandika namba, akafunga daftari, tukanywa kahawa. Baadaye, ndani ya gari, aliniambia kwamba wazo hilo lilimjia, na lilimkalia vizuri kwa dakika nzima. Lakini aliona kwamba daftari lile lilikuwa limeandikwa kwa uaminifu kutoka mwanzo, na kwamba mtu atakayelisoma baada ya Arvid atakuwa hana macho mengine ila hayo.

Kwa hiyo alimwambia polepole. Alimwambia mwaka. Alimwambia pia kwamba ile 214 ilichongwa juu ya rangi iliyopakwa upya. Kingo za namba zilikuwa kali bado, chuma kilichokuwa ndani yake hakikuwa na uchafu wala uchakavu wa miaka.

"Ni bastola nzuri," alimalizia. "Lakini baba yako hakuibeba."

Arvid alimshukuru kwa kuja. Akasema amechoka. Akanyoosha mkono juu ya meza mpaka akaigusa flaneli, akaifunga bastola mwenyewe, na hakutaka tumsaidie.

Wiki mbili hazikuwa na simu. Mimi niliendelea kwenda kama kawaida. Arvid alikula, alikunywa dawa, alizungumza nami habari za mvua. Hakumtaja Mzee na daftari lilikuwa limefungwa. Mzee kwa upande wake alinyong'onyea. Asubuhi alikwenda kutembea ndani ya jengo la maduka kama wafanyavyo wazee wa huku, raundi nne, mikono nyuma, akarudi na kukaa. Joan aliniuliza kama nimeona hali ya baba yake, kwamba hata ubao wa gereji umekosa koleo na hajasema. Nilianza kujilaumu. Nilikuwa nimewakutanisha wazee wawili wapweke, na sasa kila mmoja alikuwa mpweke kuliko mwanzo.

Jumamosi ya tatu Arvid aliniambia nimpigie Mzee. Nilipomleta, kahawa ilikuwa tayari mezani. Alikuwa ameichemsha mwenyewe na kuunguza kitambaa cha jikoni. Alisema kwamba alipoiona ile namba 214 mwaka ule, hakutaka kuuliza swali la pili. Zote nyingine aliziandikia kiwandani. Ile kila mwaka alisema ataiandikia, na kila mwaka akapata sababu. Hata mke wake aliwahi kumwuliza, naye akageuza mazungumzo.

"Nadhani nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aniambie ambaye sitaweza kumwita mwongo. Wewe ulikataa hata ile ya kwenu, ambayo hakuna angekupinga ukisema uliishika."

Kisha akamweleza Mzee habari za bastola ya kweli ya baba yake, jinsi ilivyokuwa ikikaa juu ya kabati la vyombo kila jioni, na Jumapili baba yake alimruhusu kuivaa ala tupu, nzito, inayonuka mafuta na jasho, akazunguka nayo uani. Chuma chenyewe hakuwahi kukigusa. Na Mzee akamweleza siku ya mwaka 1979 Webley za Nakuru zilipoondolewa kazini. Alizipaka grisi moja moja, akazilaza kwenye masanduku ya mbao, akatia sahihi zote sitini kwa mara ya mwisho, na lori likaondoka. Jioni ile alikwenda dirishani saa kumi na mbili kwa mazoea. Nilikuwa sijawahi kusikia hiyo, na Joan nilipomsimulia alisema hata yeye hajawahi.

Wakafungua daftari. Arvid akataja maneno, Mzee akaandika: alama ya beji si ya asili, rangi si ya asili, imetengenezwa 1948 au baadaye. Thamani waliyoiweka ilikuwa ndogo kuliko zote.

Arvid alifariki Septemba mwaka 2015, usingizini. Karin alipeleka zote mnadani Machi iliyofuata, na karatasi ya mnada ilichapisha maelezo ya daftari neno kwa neno. Mzee alikwenda, nami nikaenda naye. Webley ya K.P. iligombewa na watu watatu, ikachukuliwa na mama mmoja wa Wisconsin aliyekusanya vitu vya polisi wa makoloni; alitaka kujua maana ya ile K, na Mzee akasimama naye kwenye kona karibu nusu saa. Ile ya 214 ilinunuliwa kwa bei ya chini na mtu aliyetaka ya kupigia shabaha. Karin alitaka kumpa Mzee zawadi, achague yoyote kabla ya mnada. Alikataa kwa heshima kwa sababu ya ahadi yake kwa Joan. Karin akampa lenzi na nakala ya daftari.

Baada ya hapo wakusanyaji wawili watatu walikuwa wakimpigia simu, wakimtaka aangalie za Kiingereza. Alikwenda, akala keki zao, akarudi. Lakini akili yake ilikuwa kwingine. Alinunua daftari la mistari, akaandika namba moja mpaka sitini, na mbele ya kila namba akawa anakumbuka jina la konstebo aliyeitia sahihi. Majina mengine yalikuja akiwa kanisani katikati ya mahubiri, na nilimwona akitoa kalamu. Alifika arobaini na matatu. Mwaka 2018 akamwambia Joan anataka kurudi nyumbani kuyatafuta yaliyobaki. Joan alilia, kisha akamkatia tikiti.

Wengi wa watu wale wamekufa. Amewapata tisa. Mwezi uliopita alinipigia kutoka Machakos, kwa Koplo Kasika, aliyekuwa na miaka themanini na miwili na asiyesikia vizuri sikio moja. Nilisikia kelele nyuma ya simu, vyombo, watoto, na mtu mzima akibisha. Mzee aliniambia kwamba kwenye daftari lake Kasika ni namba ishirini na tisa, lakini Kasika anashikilia kuwa alikuwa ishirini na saba, na kwamba wamebishana tangu chakula cha mchana, na sasa wameletewa chai nyingine.